Kuchukua mtoto wa kumlea wakati uzazi umechelewa

Wapo wanaoamini kwamba kulea mtoto wa mwenzio hufungua kizazi. Msimchukue mtoto kwa nia hiyo, kwani mimba isipokuja atakayebeba lawama ni yeye.

Kaeni kwanza, mume na mke, mjiulize: wazazi wake wakitengemaa wakamtaka mwakani, mtaweza kumfungia nguo zake na kumrudisha kwa moyo safi? Malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto wa watu mpaka kwao kutengemae, ni ya muda. Kama hilo litakuvunjeni, ulizieni kafala, ambayo ni malezi ya kudumu yasiyogusa nasaba. Yote mawili yamo katika Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011.

Anzieni kwa sheha wenu, kisha afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Atafika nyumbani kutazama mtoto atalala wapi, kipato kikoje na nani wengine wanaishi humo. Mwambieni kweli, hata kama mama mkwe hajakubali. Mtoto aliyechukuliwa kwa maneno ya mdomo huleta mashaka siku ya kumwandikisha skuli, au hospitali inapotaka saini ya mlezi.

Sasa suala la maziwa, ambalo wengi hulikumbuka wakati umeshapita. Mtoto wa kulea si maharimu, yaani si mtu aliyeharamishwa kuoana nanyi, na akibaleghe stara ndani ya nyumba huwa ngumu. Kwa madhehebu ya Shafi, ili awe maharimu anyonyeshwe mara tano, kila mara mpaka aache mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili ya Kiislamu. Wa kike anyonyeshwe na dada wa mume, ili mume awe mjomba wake. Wa kiume anyonyeshwe na dada wa mke, ili mke awe khalati yake, yaani ndugu wa mama yake wa kunyonya. Anayenyonyesha apimwe kwanza virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na tarehe ziandikwe mbele ya mashahidi. Mkikosea upande, mtakuwa mmemfanya maharimu wa asiyehitaji.

Jina la baba yake libaki lilivyo. Hakurithini, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, au kumpa hiba mkiwa hai.

Naye aambiwe asili yake angali mdogo, nanyi ndio mumwambie. Mtaani atalisikia siku ya ugomvi wa watoto, na hapo litamchoma.