Kupiga picha chupa ya asali kwa flashi moja ya studio

Wengi wakiamua kuingia kwenye picha za bidhaa hununua flashi mbili kwa mkupuo. Mimi nakushauri anza na moja. Ukiwa na mbili, kivuli kikikaa vibaya hutajua kimetoka wapi. Kwa kazi za mezani, flashi ya 200Ws (wati-sekunde, kipimo cha nguvu ya flashi) inatosha kabisa. Ongeza triga yake (kifaa cha kuiwasha kutoka kwenye kamera), stendi, softboksi ya sentimita 60 kwa 90 (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga), tripodi, na manila za dukani: nyeupe mbili, nyeusi mbili.

Leo tunapiga chupa ya asali ya Tabora yenye kifuniko cha dhahabu na lebo ya karatasi. Nimeichagua makusudi, maana ina kioo, bati na karatasi, na kila kimoja kina tabia yake mbele ya mwanga. Kama asali imeanza kuganda, iloweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, kisha ifute na uishike kwa glavu. Alama ya kidole huioni kwa macho, lakini flashi itakuonyesha.

Hatua ya 1: Ua mwanga wa chumba

Funga pazia, weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) 1/125 ya sekunde, rangi ya mwanga 5500K. Piga bila flashi. Picha itoke nyeusi tii. Ukiona hata umbo la chupa kwa mbali, taa ya chumba bado inaingia, nayo itakuletea unjano usioutaka.

Flashi huwaka kwa muda mfupi mno kuliko shata inavyokaa wazi, kwa hiyo kupunguza au kuongeza spidi ya shata hakubadilishi mwanga wake. Unachobadilisha ni tundu la lenzi na nguvu ya flashi yenyewe. Lakini shata nayo ina mpaka: ukitumia flashi, kamera nyingi zinaishia kati ya 1/160 na 1/250. Nilipoanza niliweka 1/400, nusu ya kila picha ikatoka na utepe mweusi. Nilifungua flashi, nikabadilisha betri za triga, nikakaribia kuirudisha dukani. Kumbe pazia la shata lilikuwa limeshaanza kufunga flashi ilipowaka.

Hatua ya 2: Weka flashi ubavuni

Chukulia meza ni saa ya ukutani, chupa katikati, kamera kwenye tarakimu 6. Flashi iweke kwenye tarakimu 10 (nasema tarakimu, si saa nne ya Waswahili). Anza na nguvu ya 1/8, softboksi ikae karibu na chupa kadiri inavyowezekana bila kuonekana kwenye picha.

Mwanga ukizidi, usiirudishe flashi nyuma, punguza nguvu. Softboksi ikiwa mbali inakuwa ndogo machoni pa chupa, na kivuli kinakuwa kikali. Tena umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo, si nusu.

Hatua ya 3: Lainisha mng'ao

Hapa ndipo kazi ilipo. Piga picha moja uitazame kwa karibu. Utaona mstatili mweupe kwenye kioo, kingo zake kali kama umekatwa kwa wembe. Hiyo ni softboksi yako. Kioo hakipokei mwanga kama lebo inavyopokea, kinakurudishia sura ya kile kilicho mbele yake.

Tundika karatasi ya wachora ramani, ile inayopitisha mwanga, kati ya softboksi na chupa. Iache sentimita 25 hivi kutoka kwenye softboksi. Sasa katikati ya karatasi kunang'aa na pembeni kunafifia, na mng'ao kwenye chupa unafuata vivyo hivyo. Isogeze kidogo kidogo huku jicho lako likiwa usawa wa lenzi. Mwanga unadunda kama mpira ukutani: kwa pembe ulioingilia ndiyo utakayotokea.

Hatua ya 4: Iwashe asali

Mpaka hapa asali itaonekana nyeusi kama molasi, kwa sababu hakuna mwanga unaopita ndani yake. Kata kipande cha manila kwa umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, ukibandike foili ya jikoni uliyoikunja-kunja kisha ukainyoosha. Kisimamishe nyuma ya chupa, kimeinama kidogo, kielekee flashi. Kinaudaka mwanga na kuutupa mbele kupitia asali. Ukikipata sawasawa rangi ya kaharabu inawaka yenyewe. Kikichungulia pembeni, kipunguze kwa mkasi. Mimi hukata mara tatu nne kabla hakijakubali.

Hatua ya 5: Manila

Nyeupe kulia, ili lebo isomeke hadi ukingoni. Kama ukuta wa nyuma ni mweupe, simamisha nyeusi mbili pande zote, nje kidogo ya fremu, zichore kingo za kioo. Ile ya kushoto iwe nyembamba, nyuma ya njia ya flashi, isije ikaiziba. Kifuniko cha dhahabu huakisi chumba kizima: niliwahi kumkabidhi mteja picha yenye fulana yangu ya njano ndani ya kifuniko, naye ndiye aliyeniambia. Siku hizi navaa nyeusi na kutumia taima ya kamera, ili niwe mbali picha inapopigwa.

Hatua ya 6: Kagua

Washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizoungua zipepese kwenye skrini ya kamera. Mng'ao wa kioo ukipepesa kidogo, acha. Lebo ikipepesa, shusha flashi kutoka 1/8 hadi 1/16, hiyo ni nusu ya mwanga.

Flashi ya pili utaihitaji siku mteja atakapotaka ukuta wa nyuma uwe mweupe pepepe. Hiyo utaielekeza ukutani, na hii ya kwanza usiiguse.