Jinsi ya kupima mji unavyohimili majanga ya maji (usiishie kwenye ramani)

Wengi wakiambiwa wapime hatari ya maji mjini wanakimbilia ramani ya mafuriko, wanapaka nyekundu na kijani, basi kazi imeisha. Kumbe maji yana vituko vitatu, yanazidi, yanapungua au yanachafuka, na mji unaweza kuwa fiti kwenye kimoja ukaangukia kingine. Cape Town 2018 mabwawa yalipungua vibaya mpaka kila mtu akapangiwa lita 50 kwa siku. Copenhagen, mji wenye hela zake, Julai 2011 ilishukiwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache na vyumba vya chini ya ardhi vikajaa.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza, nini kinaweza kutokea, nani yuko njiani, na huyo aliye njiani ana hali gani. Hilo la mwisho ndo linarukwaga. Nyumba mbili ziko kando ya mtaro mmoja, moja msingi umeinuliwa na mwenyewe ana bima, nyingine mlango uko chini ya barabara na ndani kuna mzee hawezi kupanda ngazi, ila kwenye ramani zote rangi moja!

Halafu ukisikia "mvua ya miaka 100" usifikiri ikishapita mmepona mpaka wajukuu, maana yake ni asilimia 1 kila mwaka, ukikaa hapo miaka 30 uwezekano wa kukutana nayo ni kama asilimia 26.

Sasa vaa gambuti uende mwenyewe. Kwenye karatasi kalavati (njia ya maji chini ya barabara) ina upana wa mita moja, ukiinama kuchungulia unakuta nusu ni mchanga na chupa, sasa wewe andika ile nusu iliyo wazi. Tafuta alama ya tope ukutani, pima kwa tepu, muulize mkaaji wa zamani ni ya mwaka gani. Fuatilia pia nini kinategemea nini: pampu inataka umeme, transfoma iko bondeni, jenereta ina mafuta ya saa ngapi, na ufunguo wa chumba cha pampu usiku anakaa nao nani (usicheke, swali hili limeshaumbua watu).

Uwezo wa kuinuka upime kwa muda. Chukua tukio la mwisho, andika maji yaliingia saa ngapi, tahadhari ilitoka lini, bomba lilirudi siku ya ngapi na mtaa gani ulikuwa wa mwisho. Hesabu na vyanzo vya maji, mji wenye chanzo kimoja hauna pa kukimbilia. Na angalia dawa ya shida moja isije ikazaa nyingine, Jakarta watu wamevuta maji ya visima miaka na miaka, ardhi imetitia, sasa mafuriko ndo yanazidi.

Mwisho ukiupa mji alama kwa kila kipengele, usitoe wastani kabisa. Ukipata 9 kwenye maji ya kunywa na 2 kwenye mitaro, wastani ni 5.5 na hakuna bosi atakayeshtuka, peleka ile 2 peke yake na picha ya kalavati.