SOMO: Kadi ya uanachama ya klabu ya kizamani (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki ni swali lile lile, "tutengeneze aje kadi ikae ya kitambo", kwa hivyo naandika mara moja na ukiuliza tena nitakurudisha hapa. Mfano wangu ni klabu ndogo ya hapa Kisumu, watu wa santuri na koti za mababu, kuingia ni kwa kadi.

1. Saizi: 85.6 kwa 54 mm, sawa na ya benki, itoshee kwa waleti.

2. Ongeza 3 mm za kukatwa kila upande, maandishi yasisogelee ukingo. Dpi (nukta za picha kwa kila inchi) iwe 300.

3. Chagua enzi moja. Reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence. Kama hiyo ndiyo sura mnataka, tumia herufi nzito zenye miguu kama Clarendon, iliyokuwepo tangu 1845. Gill Sans, fonti isiyo na miguu, ilitoka 1928, hiyo wekea klabu ya miaka ya hamsini, enzi za East African Railways and Harbours. Fonti mbili zinatosha. Ukipata ile tiketi ya treni ya kadibodi iangalie vizuri, haina picha, haina maua, ni jina la reli, safari na nambari, na bado ukiishika unajua ni ya kitambo. Wacheni madoa ya chai na karatasi zilizochanika za kudaunilodi, kadi itazeeka yenyewe mfukoni.

4. Rangi. Hapa tulieni, ndipo pesa za watu zinapotea. Skrini inatoa mwanga, printa inaweka wino, so ile kahawia tamu unaona kwa simu inaweza kutoka kama tofali. Fanya kazi kwa CMYK tangu mwanzo, yaani zile wino nne za printa: samawati, majenta, manjano na nyeusi (K). Krimu ya nyuma ya maandishi isibebe wino mwingi, mimi huanza na manjano asilimia 15 na majenta 4. Maandishi madogo yawe nyeusi tupu, K 100 na zingine sifuri, juu ukichanganya wino zote nne na pleti (bamba la kila wino) icheze hata kidogo, kila herufi inatoka na kivuli na hakuna mtu atasoma jina lake. Usishuke chini ya pointi 6. Dhahabu ya CMYK hutoka haradali, ukitaka ing'ae lipia foili, ule utando wa metali unaobandikwa juu. Na USITUME kazi WhatsApp kama picha, inabanwa, tuma PDF kama dokumenti. Kabla ya kuchapisha zote, lipia moja, itoe nje uiangalie kwa jua.

5. Jina, nambari ya mwanachama, mwisho wa kutumika. Nambari ya kitambulisho cha taifa hapana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue tu data unayohitaji.

6. PVC ya 0.76 mm inadumu, lakini karatasi ya gramu 350 isiyong'aa ndiyo inafanana na kitambo.

MASWALI

– Boss, nitumie tu templeti.
Hapana. Hatua ya 3.

– Saizi ni gani?
Hatua ya 1.

– Mbona unakataa madoa ya chai na kadi zote naona ziko nayo?
Ndiyo maana zote zinafanana. Doa likichapwa liko pahali pamoja kwa kadi ya kila mtu, mkiziweka mezani mbili tu uongo unaonekana. Ukipenda weka, kadi ni yako.

– Habari, mimi natumia Canva (ile app ya kudizaini) ya bure na CMYK inataka nilipie. Halafu nambari zinabadilikaje kwa kila kadi?
Dada, asante kwa kusoma. Daunilodi Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure na inatoa PDF ya CMYK, itakusumbua siku za kwanza lakini usiiache. Nambari acha nafasi tupu, kisha tafuta fundi anayechapa vitabu vya risiti akupigie na mashine yake ya nambari. Ile ya chuma inasogea moja yenyewe kila ikigonga, na ukipitisha kidole unasikia tarakimu zimezama kwa karatasi, printa haiwezi kukupa hiyo.

– Naongezea hapo kwa nambari, mimi huchapa risiti: mwambie agonge kabla ya kukata kadi, karatasi kubwa haihami. Na wino mwekundu uache ukauke kabisa kabla ya kuzipanga, joto la Kisumu hili zinapakana nyuma.
Hiyo sikuwa nayo, jakom. Nyeusi pia hupakana ama ni nyekundu tu?
– Zote, lakini nyekundu ndiyo inaonekana.