Kupakia parachichi za Hass kwa safari ndefu ya Ulaya

Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimeikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari hiyo huongeza wiki moja hadi mbili, na tunda huiva baharini usipojipanga.

Anza shambani. Ili kupima ukomavu, kausha sampuli ya nyama ya tunda kabisa. Uzito unaobaki usiwe chini ya asilimia 24 ya ule wa awali. Yaliyokomaa mno, karibu asilimia 30, usiyapeleke kwa meli.

Poza matunda siku ileile ya kuvuna, hadi katikati ya tunda pafike nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Hapa ndipo hasara nyingi huanzia: kontena la baridi limeundwa kutunza ubaridi, halina nguvu ya kupoza mzigo wenye joto. Kodi lile linalodhibiti hewa, oksijeni takriban asilimia 4 na kaboni dioksidi 6. Usipange maboksi kupita mstari mwekundu ndani, hewa itakwama.

Lori la kwenda Mombasa liwe na jenereta yenye mafuta ya kutosha, maana foleni ni ndefu. Weka kirekodi cha joto katikati ya mzigo na kingine karibu na mlango. Bila kumbukumbu hizo, kudai fidia ni vigumu sana.