Kutafuta ukoo uliohamia New York: shika anwani kwanza, meli baadaye

Wengi wanaoingia chumba namba 121 cha Maktaba ya Umma ya New York, kwenye jengo lenye simba wawili wa marumaru pale Fifth Avenue na mtaa wa 42, huja na swali moja: babu yangu aliletwa na meli gani? Swali zuri, ila limekuja mapema mno. Orodha za abiria zimejaa watu wa jina moja. Usipojua babu yako aliishi wapi, alifanya kazi gani na mkewe aliitwa nani, utaokota babu wa mwenzio. Kwa hiyo tunaenda kinyumenyume.

Hatua ya 1: Wahoji wazee

Usiulize "tulitoka wapi", utapewa hadithi. Uliza walisali wapi, nani alizikwa wapi, jina la utani la babu. Omba kuona vyeti na bahasha za barua. Anwani iliyo juu ya bahasha ni mali.

Hatua ya 2: Sensa

Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka 10 tangu 1790, na taarifa za watu hufungwa kwa miaka 72. Ya karibuni inayosomeka ni ya 1950, iliyofunguliwa 2022. Anza nayo, shuka taratibu. Tumia kompyuta za maktaba, maana huko Ancestry, tovuti ya kumbukumbu za ukoo ambayo nyumbani unailipia, ni bure.

Sensa za 1900 hadi 1930 ziliuliza mwaka wa kuingia nchini. Tazama pia safu ya uraia: "Na" amekwisha kuwa raia, "Pa" ameanza kuomba, "Al" bado mgeni. Mwaka uchukulie kama makadirio tu; mtu yuleyule hutaja mwingine miaka 10 baadaye. Na usiishie kwenye mstari wa babu. Soma ukurasa mzima, kwani mara nyingi jirani ni shemeji.

Hatua ya 3: Jina likigoma

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Jaribu kwanza Soundex, mfumo unaobakisha herufi ya mwanzo na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kowalski na Kowalsky yote yanakuwa K420, ukilitafuta moja unapata na la pili. Lakini karani akiandika Kovalsky, ile v inaleta K142, na babu anapotea tena.

Sasa achana na jina, fuata anwani. Vitabu vya anwani za jiji vilitoa jina, kazi na makazi, na maktaba inavyo vingi, sehemu kubwa vikiwa tayari kwenye tovuti yake. Ukishapata nyumba, tafuta namba ya eneo la sensa lililobeba mtaa huo, kisha pekua ukurasa kwa ukurasa hadi uifikie nyumba yenyewe. Ni kazi ya kuumiza macho, lakini naiamini kuliko kisanduku chochote cha kutafutia.

Vitabu hivyo vina siri nyingine: mjane aliandikwa pamoja na jina la marehemu mumewe. Mwaka ambao jina la mume linatoweka na la mke kujitokeza, umeshajua cheti cha kifo ukitafute kipindi gani katika Hifadhi ya Nyaraka ya Manispaa, mtaa wa Chambers.

Sensa ya 1890 usiihangaikie. Karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921 mjini Washington. Kwa Manhattan, omba ile iliyofanywa na polisi mwaka huohuo wa 1890. Mkutubi atakuelekeza.

Hatua ya 4: Faili la uraia

Kabla ya Septemba 1906 mahakama nyingi zilitoa uraia kila moja kwa fomu yake, na mara nyingi utaambulia jina la nchi tu. Baada ya hapo fomu ni moja: mahali pa kuzaliwa, tarehe ya kuwasili na jina la meli. Bibi yako usimtafute peke yake. Hadi 1922 mke alifuata uraia wa mume, kwa hiyo faili ni la mume.

Hatua ya 5: Sasa meli

Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji, ilifunguliwa Januari 1, 1892. Kabla yake kulikuwa na Castle Garden, 1855 hadi 1890. Ile simulizi ya ofisa wa Ellis Island kumbadilishia babu jina iweke kando: orodha iliandikwa na makarani wa meli huko alikopandia, kwa hiyo tafuta tahajia ya huko.

Kuanzia 1907 orodha ilitandazwa kurasa mbili. Watu hupiga picha ya kushoto wakaenda zao, kumbe jina na anwani ya ndugu aliyebaki kwao ni ukingoni mwa ukurasa huohuo, na wa kulia unataja aliyekuwa anamfuata New York. Piga zote mbili, na uvute karibu kwenye safu ya kazi. Ukiona namba iliyochomekwa kwa mwandiko mwingine, huenda ni ya maofisa waliorudi miaka mingi baadaye kuhakiki ombi la uraia. Ilinganishe na faili la hatua ya 4.