Kubadilisha mfereji wa bafuni katika nyumba ya mawe, Lamu

Mfereji ukianza kudondosha maji usiku kucha, usikimbilie dukani. Chukua tochi kwanza, uangalie ukuta ulioushika. Katika nyumba za mawe ya matumbawe, mitaa ya Mkomani na Langoni, bomba limepitishwa ndani ya chokaa, na chokaa haina ukaidi wa saruji: ukilivuta bomba kwa nguvu, ukuta unafuata. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye kufungua kuliko kufunga.

Hatua ya 1: Jua kipimo

Mifereji mingi ya bafuni ni ya nusu inchi. Lakini ukiweka rula kwenye meno yake, pale panapozungushwa kuingia kwenye bomba, utasoma karibu milimita 21, na hapo wengi hubabaika wakaondoka na wa robo tatu. Nusu inchi ni jina lililotokana na uwazi wa ndani wa bomba, si upana wa meno. Meno ya robo tatu hufika milimita 26. Kama unaweza, fungua ule wa zamani uende nao dukani.

Hatua ya 2: Chagua kwa mkono, si kwa macho

Kromu hung'aa sawasawa juu ya kila kitu. Upime uzito: mfereji wa brasi, yaani shaba ya manjano, ni mzito, wa plastiki au wa zinki ni mwepesi. Chungulia ndani ya tundu la nyuma, mahali kromu haikufika. Manjano ni brasi, kijivu ni zinki. Sumaku haitakusaidia kuzitenganisha, kwa kuwa haishiki hata moja kati ya hizo.

Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na chumvi huila hata brasi. Huivuta zinki iliyochanganywa ndani yake, ikabaki shaba tupu yenye vitundu. Niliwahi kufungua mfereji uliokuwa unang'aa kama mpya kwa nje. Meno yake yalikuwa na rangi ya waridi kama ufizi, na yalimomonyoka nilipoyaparuza kwa ukucha. Ukiona wekundu huo, usihangaike kubadilisha wosha, kile kipete cha ndani kinachozuia maji. Mfereji umekwisha.

Sasa tazama namna unavyofunguka. Ule wa robo mzunguko una visahani viwili vya kauri ndani. Ni mwepesi kutumia, lakini chembe ya mchanga ikiingia kati huvichora, na dawa yake ni kubadilisha moyo mzima, yaani kile kipande cha ndani kinachobeba visahani hivyo. Ule wa kuzungusha mara kadhaa una wosha ya mpira ambayo ikiisha unanunua nyingine kwa pesa kidogo. Kwa nyumba inayojaza tangi kutoka kisimani, mimi hufunga wa wosha.

Presha nayo usiisahau. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mfereji linakupa baa 0.3 tu. Mifereji mingi ya kuchanganya maji moto na baridi imetengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo. Soma kartoni kabla ya kulipa. Ikisema presha ya chini kabisa inayohitajika ni baa 1, irudishe rafuni.

Hatua ya 3: Funga maji

Funga valvu ya tangi, kisha fungua mfereji ulio chini kabisa nyumbani mpaka maji yaishe. Kama chini ya mfereji kuna birika, yaani tangi la kujengea la kuhifadhia maji, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, lifunike vizuri ili kutu na mafuta visiwaingilie.

Hatua ya 4: Kufungua

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilivuta spana kwa mikono miwili katika bafu la bibi mmoja, Mkomani. Mfereji ulitoka pamoja na elbo yake, kile kiungo cha kona cha bomba, na kipande cha lipu upana wa sinia. Bibi hakusema neno, alileta ufagio. Niliziba kwa saruji, na hilo likawa kosa la pili: saruji ilizuia unyevu kutoka, na baada ya muda lipu ya pembeni ikaanza kuvimba na kutoa unga wa chumvi. Ilibidi niibomoe niweke chokaa.

Tangu hapo natumia spana mbili: moja inashika bomba au elbo isisogee, nyingine inazungusha mfereji. Kama elbo imezama ukutani na huna pa kuishika, legeza kidogo, kaza kidogo, legeza tena. Uende nao taratibu.

Ukoko ulioganda kwenye kiungo ukigoma, funga kitambaa chenye siki kwenye kiungo kwa nusu saa. Lakini siki inayeyusha na chokaa ya ukuta pia, basi kinga lipu kwa plastiki, kisha suuza kwa maji.

Hatua ya 5: Kufunga mpya

Sugua meno ya elbo kwa brashi ya waya. Weka ndoo chini na ufungue maji kwa sekunde chache yatoe mchanga, kisha uyafunge.

Shika mfereji mpya meno yakikuelekea, uzungushe tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja juu ya meno kufuata mwendo wa saa, mizunguko 10 hadi 12 kwa ile tepu nyembamba ya madukani. Ukizungusha kinyume, itafunuka unapokaza. Anza kukaza kwa mkono, malizia kwa spana iliyofungwa kitambaa. Ukipitiliza pale mdomo unapoangalia chini, usiurudishe nyuma. Toa, weka tepu mpya, uanze tena.

Hatua ya 6: Kujaribu

Toa kichujio cha mdomoni kama kipo, fungua valvu polepole. Mfereji ukikohoa au usitoe kitu, ni hewa: fungua ule wa chini kabisa nyumbani mpaka maji yatoke mfululizo, halafu urudi kwa mpya. Maji yakisafika, rudisha kichujio.

Kausha kiungo, ukizungushie karatasi ya tishu, uiache hadi asubuhi. Ikiwa kavu, ukuta wako uko salama. Ikilowa hata kidogo, fungua urudie tepu kabla chokaa haijaanza kunywa maji.