Redio haikupi ruhusa: kutua kwenye viwanja vidogo vya mbugani

Kwenye kiwanja cha ndege chenye mnara kuna mtu anayewapanga marubani foleni. Kwenye kiwanja cha kambi ya watalii au cha ranchi hayupo. Yule kijana wa kambi mwenye redio ya mkononi akikwambia "karibu, njia iko wazi", amekupa habari, hajakupa kibali. Na mwenzako aliye hewani huenda hana redio, au anayo lakini amesahau kubadili masafa. Basi fanya kila hatua kama vile ipo ndege nyingine pale ambayo bado hujaisikia.

Kazi inaanza na simu. Kiwanja ni mali ya mtu, na hakuna kutua bila idhini yake. Ukimwuliza "kiwanja kikoje?" atajibu "kizuri tu, karibu". Uliza yanayopimika: urefu kwa mita, mwinuko uko upande gani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, nyasi zinafika kwenye kifundo au kwenye goti, nyaya za umeme ziko wapi, masafa gani yanatumika, nani mwingine anatarajiwa siku hiyo. Mwombe mtu apite na gari njia nzima asubuhi ileile. Gari likishindwa kwenda kilomita 60 kwa saa bila waliomo kurushwarushwa, gurudumu lako la mbele halitasalimika. Ukaguzi wa jana hautoshi, kwa sababu muhanga huchimba usiku na shimo lake linatosha kabisa kumeza gurudumu.

Jihadhari na saa. Mpango wa safari unaandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), saa yako ya mkononi ina saa za Afrika Mashariki, na msimamizi wa kambi anasema kwa Kiswahili, "wageni wanaondoka saa nne". Hiyo ni 10:00, yaani 0700 UTC. Ukiandika 0400, gari la kuwafukuza pundamilia litafika baada yako kwa muda wa saa tatu.

Dakika kumi kabla ya kufika, weka masafa ya kiwanja na usikilize tu. Ndege ya noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa) hapo iko maili 20. Hakikisha sauti haikupunguzwa. Tazama pia taa ya kurushia, inayoonyesha redio inatuma sauti yako: ikiwaka bila wewe kubonyeza, kitufe kimekwama, pengine kimebanwa na ramani au ubao wa pajani, na umewafungia wengine wote masafa. Dalili nyingine ni ukimya usio wa kawaida, maana redio ikituma husikii kitu.

Kisha tangaza. Bonyeza, subiri nusu sekunde, ndipo useme. Anayebonyeza na kusema kwa pamoja humeza silabi ya kwanza, na "Mbuyuni" inafika "buyuni". Kwa Kiingereza cha redioni, na kiwanja cha kubuni, inakuwa hivi:

"Mbuyuni traffic, Five Hotel Alpha Bravo Charlie, Cessna 206, eight miles south, seven thousand feet, inbound to land runway zero-nine, estimating overhead at three-four, Mbuyuni."

Yaani: ndege zilizo Mbuyuni, mimi 5H-ABC, Cessna 206, maili nane kusini, futi elfu saba, naja kutua njia 09, nitafika juu ya kiwanja dakika ya 34, Mbuyuni.

Jina la kiwanja linatajwa mwanzo na mwisho kwa sababu viwanja jirani mara nyingi hugawana masafa, na mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio za ndege, husafiri mbali kama jicho linavyoona, na kidogo zaidi. Ukiwa futi 9,000 juu ya ardhi tambarare unasikika zaidi ya maili 100. Aliyekosa neno la kwanza atalipata la mwisho na kujua kama yanamhusu. Umbali na mwelekeo vipimwe kutoka kiwanjani. Ukisema "niko kwenye bwawa la viboko", rubani mgeni hajui ni lipi, na kila mto unalo.

Usimalizie kwa "any traffic please advise", yaani ndege yoyote iliyopo tafadhali jitambulishe. Watatu wakijibu kwa pamoja wanakanyagana, na kinachosikika ni mluzi tu. Mwenye la kusema atasema bila kuombwa. Mazungumzo ya nani amebeba wageni wa nani yangojee chini.

Fika juu ya kiwanja ukiwa futi 2,000 kutoka ardhini, tazama soksi ya upepo, kisha shuka upande usiotumika, ule ambao ndege hazizungukii, hadi futi 1,000 na uingie kwenye mzunguko wa kutulia. Kawaida unapinda kushoto, isipokuwa mwenyeji amesema vingine. Tangaza ukiwa sambamba na njia, upepo mgongoni, ukipinda beisi (kona ya kuelekea njia), na ukiwa fainali (umenyooka na njia, tayari kutua). Kabla ya kila tangazo geuza kichwa kwanza, ndipo useme. Alfajiri Mara na Serengeti kuna maputo ya watalii, na puto haliwezi kukukwepa. Ukikutana na ndege yenye kasi zaidi, refusha mguu wako, yaani sehemu ya mzunguko uliyo nayo, umpishe, na umwambie kwamba umempisha.

Pita mara moja chini, kando ya njia, nayo ikiwa upande wa dirisha lako, kwa kama futi 100. Sema redioni kwamba unapita tu, hutui. Swala na pundamilia hukimbia, lakini hurudi upesi, na kundi likivuka karibu kila mara kuna mmoja wa nyuma anayelifuata. Kwa hiyo fanya mzunguko mfupi utue. Wakisharudi, ongeza nguvu uondoke. Usijaribu kubanana nao.

Vingi vya viwanja hivi viko kama futi 5,000 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa ni nyepesi kama ya futi 7,760, na kasi ya noti 60 kwenye kipimo inakuwa karibu 67 juu ya ardhi. Utaona unakwenda mbio mno. Usipunguze kwa macho, fuata kipimo.

Njia ya mteremko, ambako watu hutua kwa kupanda na kuruka kwa kushuka, ndiyo hatari kuliko zote, maana anayeondoka anakutana uso kwa uso na anayekuja. Hapo ukitembeza ndege juu ya njia kurudi ulikotoka, sema hivyo na itachukua dakika ngapi, na sema tena ukishatoka.

Ukiwa chini, usipime injini ukiwa umesimama juu ya kokoto, zitatafuna ncha za panga boi, wala usielekeze mkia kwa watu au gari. Kabla ya kuzima, sikiliza 121.5, masafa ya dharura: mtuo mgumu huweza kuwasha kipeleka ishara cha dharura bila wewe kujua. Kisha funga mpango wa safari. Redio chini ya kilima haifiki popote, kwa hiyo toa taarifa ungali hewani, au piga simu. Kwa taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, dakika 30 baada ya muda wako wa kufika kupita kimya, wewe ni ndege ambayo usalama wake una mashaka, na kuna watu wataanza kukutafuta huku unakunywa chai.